Kazi ya Uani, Wala Si Mandharinyuma

Imenifikia orodha ya istilahi za kompyuta iliyokusudiwa shule na vyuo vyetu. Ndani yake, programu zinazofanya kazi bila mtumiaji kuziona zimepewa jina la "michakato ya mandharinyuma". Kila mwenye kompyuta nyumbani hapa Mwanza anakijua kitu chenyewe: feni inavuma ilhali hujafungua chochote, bando linakwisha kabla ya siku zake, na ukitazama orodha ya kazi zinazoendelea unakuta majina usiyowahi kuyasikia. Kitu hakina utata. Jina ndilo lililokosewa, tena limekosewa na kamati iliyopewa dhamana ya kulitunga.

Mandhari ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na mzizi wake ni wa kutazama. Katika mzizi huohuo tumechota nadhari na nadharia. Mandhari ni kile kinacholijaza jicho: Ziwa Viktoria ukilitazama kutoka Kapripointi, au Jiwe la Bismarck likiwa limesimama majini. Picha inayowekwa kwenye uso wa kompyuta ni mandhari kweli, na hapo mandharinyuma linakaa vizuri. Lakini sifa kuu ya programu tunazozizungumzia ni kwamba hazionekani. Kamati imechukua neno la kuona ikalivika kitu kisichoonekana, kisha ikaongeza "nyuma" kana kwamba neno hilo lingeufunika mgongano wa maana.

Wapo waliolikwepa kosa hilo wakaangukia jingine. Hao wanasema "mchakato wa usuli". Usuli pia ni la Kiarabu, wingi wa neno lililotupa asili, na maana yake ni mizizi, misingi, chimbuko. Mwanafunzi wa Nyegezi anayeandika "usuli wa utafiti" yuko sahihi, maana anaeleza tatizo lake lilikoanzia. Programu inayojisasisha usiku haielezi chimbuko la chochote. Kilichotokea ni kwamba Kiingereza kinalo neno moja linalobeba historia ya jambo na pia sehemu iliyo nyuma ya kitu. Mtafsiri akafungua kamusi, akaokota maana ya kwanza aliyoikuta, akafunga.

Kundi la tatu limetuletea "pepo", na wengine "shetani", kwa ajili ya zile programu ambazo watumiaji wa mfumo wa kompyuta wa Unix huziita kwa jina la kiumbe asiyeonekana. Historia ya jina hilo inajulikana. Lilianzia chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1963, katika mradi wa kompyuta uliomhusisha Fernando Corbató, na chimbuko lake ni kiumbe wa kufikirika ambaye mwanafizikia James Clerk Maxwell alimbuni mwaka 1867: mlinzi wa kijitundu anayezipanga molekuli moja moja bila kuchoka. Hakuwa shetani wa dini yoyote. Kuwaambia watu wa Kanda ya Ziwa kwamba kompyuta yao ina mashetani na kwamba ni hali ya kawaida ni kukosa adabu kwa lugha na kwa msikilizaji.

Mafundi wetu wa mjini husema, "Kuna vitu vinaran kwa nyuma." Hao nawaheshimu kuliko kamati, kwa sababu wanaeleweka. Hata hivyo, "kwa nyuma" ni maelezo, halijawa jina. Halikuambii ni nyuma ya nini, na halina mwenzake wa mbele linaloweza kusimama nalo katika kitabu.

Jina ninalolitetea ni kazi ya uani. Ua, yaani uzio na eneo linalozungukwa nao, lina wingi wa nyua. Lisichanganywe na ua la maua, ambalo ni la ngeli nyingine kabisa: tunasema ua huu, nyua hizi, lakini ua hili, maua haya. Jirani yake wa zamani ni ugo, neno lenye maana ya mahali palipozungushiwa boma, na Warundi na Wanyarwanda wanalo mpaka leo katika urugo, yaani kaya. Ua likipata kiambishi -ni linakuwa mahali, na mahali katika Kiswahili panatawala sentensi nzima: uani kuna kazi, uani mmeingia mtu, uani pamefagiliwa. Ni istilahi gani ya kamati yenye uhai huo wa kisarufi?

Maana nayo imetimia. Katika nyumba za vyumba sita za Kirumba, Mabatini na Igogo, mgeni hupokelewa sebuleni, na kazi inayoiendesha nyumba hufanyika uani. Huko ndiko jiko linakowashwa, dagaa wanakochambuliwa, nguo zinakofuliwa. Mgeni haoni, lakini ugali unafika mezani. Kompyuta ni hivyohivyo: kuna kazi za sebuleni, unazozitazama, na kazi za uani, zinazoziwezesha. Mtumiaji wa Unix anaweza kuipeleka kazi uani kisha kuirudisha sebuleni, na sentensi hiyo haihitaji maelezo. Zaidi ya hayo, uani hakuingii mtu bila hodi. Ukimkuta usiyemjua amejipenyeza huko, huna budi kumuuliza ni nani na ametumwa na nani. Hofu halali ya mwenye kompyuta anayekutana na programu asiyoifahamu imo tayari ndani ya neno.

Nimejibiwa, tena kwa kejeli, kwamba "kwenda uani" ni kwenda msalani. Ni tafsida, na tafsida haifuti maana ya msingi. "Haja" nayo hutumika hivyo, na hakuna aliyeipiga marufuku kwenye barua za serikali. Wengine wamesema neno la uani ni duni mno kwa taaluma. Hao wakumbuke Ikulu. Lilikuwa jina la makazi ya mtemi huku Usukumani na Unyamwezini, likapanda likawa jina la makao ya Rais wa Jamhuri. Dirisha na ukurasa pia yalitoka katika maisha ya kila siku, na leo hakuna anayefundisha kompyuta bila hayo.

Kuhusu "mchakato", silipingi. Ila katika mji huu, ambao viwanda vyake vimechakata minofu ya sangara tangu miaka ya 1990, kuchakata ni kuingiza kitu ghafi na kutoa bidhaa. Kwa mwananchi wa kawaida "kazi" linatosha. Mtaalamu anayetaka kutenganisha aina zake atasema mchakato wa uani au huduma ya uani, na neno uani litabaki lilelile.

Matumizi ni mepesi. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tazama kazi za uani, na kwa usiyoijua angalia faili lake linakaa wapi na nani amelitia saini. Svchost.exe, programu ya Windows yenyewe, ikikaa kwenye kabrasha la System32 ni mwenyeji, na kuiona mara nyingi si dalili ya ugonjwa. Yenye herufi zilizogeuzwa, kama scvhost, au inayoendeshwa kutoka kabrasha jingine, ishuku. Usifute kitu kabla hujakitambua.

Nawaomba walimu wa kompyuta wa Mwanza, Bukoba na Musoma walitumie neno hili darasani kuanzia muhula ujao, bila kusubiri kibali. Na wanaotunga orodha, kabla ya kuchapisha neno, walipeleke kwa fundi na kwa mama mwenye kompyuta moja ya familia. Wasipolielewa mara ya kwanza, basi si istilahi ya Kiswahili, hata likipigwa muhuri.