Mwenye chombo ndiye anayeamua: kwa nini mabingwa wa ubao wa tanga hawaendi Olimpiki

Mwezi wa tatu wa mwaka 1871, David Livingstone alifika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, mto uleule unaoteremka kupitia Kibombo na Kindu. Alitaka kujua maji yale yanaishia wapi. Alikaa zaidi ya miezi mitatu na hakupata mitumbwi. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alikuja na haja ileile, naye akaambulia patupu. Mitumbwi ilikuwa ya Waenya, na wenyewe hawakuitoa. Stanley, mwaka 1876, alikuja na mashua yake mwenyewe, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande toka pwani, tena na bunduki nyingi, na Tippu Tip akamsindikiza kwa malipo.

Kujua maji ni jambo moja. Kuwa na chombo kinachokubaliwa ni jambo lingine. Familia zilizokimbia vita na kuacha mitumbwi yao kijijini zinalijua hili kuliko mtu yeyote: ujuzi wa mvuvi umebaki mikononi mwake, lakini mtoni haendi.

Ni hapo lilipo jibu la swali linaloonekana kuwa la mbali sana na Maniema. Kuna mchezo wa ubao wenye tanga, mtu akisimama juu yake na kushika tanga kwa mikono miwili. Ulianzia Marekani katika miaka ya 1960, na uliingia Olimpiki mwaka 1984, Los Angeles. Stephan van den Berg wa Uholanzi alichukua dhahabu. Lakini jina lililojulikana zaidi duniani katika mchezo huo halikuwepo: Robby Naish wa Hawaii, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu 1976 akiwa na miaka 13. Baada yake Björn Dunkerbeck alitawala mashindano ya kulipwa tangu 1988 hadi karibu mwisho wa miaka ya 1990. Yeye pia hakushindania medali ya Olimpiki.

Je, waliogopa? Hapana. Katika Olimpiki wote hupewa aina moja ya ubao na tanga, iliyochaguliwa na shirikisho. Mwaka 1984 ilikuwa Windglider, baadaye Lechner, halafu Mistral, kuanzia 2008 RS:X, na 2024 iQFoil. Bingwa wa kulipwa anaishi kwa fedha za kiwanda kinachotengeneza mbao zake. Kiwanda hicho kitamlipaje mtu miaka minne afanye mazoezi juu ya ubao wa mshindani wake?

Tena kazi yenyewe si moja. Wa kulipwa hutafuta upepo mkali na mawimbi makubwa, na mara nyingine waamuzi humpa alama kwa jinsi anavyoruka. Olimpiki ni mbio za kuzunguka maboya, hata upepo ukiwa hafifu. Enzi ya RS:X, upepo ukilegea, mtu alilazimika kulivutavuta tanga bila kupumzika kama anayepiga kasia. Zaidi ya hayo, kila nchi hupeleka mtu mmoja tu kwa wanaume na mmoja kwa wanawake, kwa hiyo nchi yenye mabingwa kumi huacha tisa nyumbani.

Na chombo chenyewe hakina uhakika. Mei 2012 shirikisho lilipiga kura kuuondoa ubao wa tanga na kuweka ule unaovutwa na tiara. Novemba mwaka huohuo likageuza uamuzi. Vijana waliokuwa wametoa miaka yao walikaa miezi sita bila kujua kama mchezo wao bado upo.

Ubao wa iQFoil, unaoinuka juu ya maji, umesogeza pande mbili karibu kidogo. Nicolas Goyard wa Ufaransa, mtu wa mashindano ya kulipwa, alishiriki Marseille mwaka 2024.

Upande wetu wa Afrika hadithi ni ileile, ila chungu zaidi. Mwaka 1960 Kenya, ikiwa bado koloni, ilipeleka mashua Olimpiki. Aliyeiongoza alikuwa Anthony Bentley-Buckle, afisa wa zamani wa jeshi la majini la Uingereza. Manahodha wa majahazi wa Lamu na Mombasa, ambao baba zao walivuka hadi Arabuni kwa kaskazi na kusi, hawakuwa na shindano lolote la chombo chao pale.

Upande wa makasia, Benjamin Boukpeti aliipa Togo shaba mwaka 2008, Beijing. Alizaliwa na kukulia Ufaransa, akajifunzia huko kayaki. Katika kayaki mtu hukaa, katika kanoe ya Olimpiki hupiga goti. Waenya hupiga kasia wakiwa wamesimama, katika mtumbwi uliochongwa kwa mti mmoja, na Olimpiki bado haina mbio za namna hiyo.