Gundi ipi kwa plastiki ipi?

Dumu la maji likipasuka, iwe Nyakunguru au kwingine Tarime na Serengeti, wengi wetu hukimbilia supaglu. Siku mbili baadaye kiraka kimebanduka na hela imepotea. Mara nyingi kosa si la gundi wala la fundi. Plastiki ziko za aina nyingi, na gundi inayoshika moja haishiki nyingine. Hapa tunaeleza namna ya kuzitambua kabla ya kwenda dukani.

Soma namba chini ya chombo

Tangu mwaka 1988 viwanda vingi huweka namba 1 hadi 7 ndani ya pembetatu ndogo. Namba 2 ni plastiki ya madumu. Namba 3 ni PVC, ya mabomba magumu ya maji. Namba 5 ni ya ndoo nyingi, mabeseni na viti. Namba 6 ni plastiki ngumu inayovunjika kama kioo.

Namba ikiwa imefutika, kata kipande kidogo ukizamishe kwenye maji yenye sabuni kidogo. Plastiki za namba 2, 4 na 5 huelea. PVC na plastiki ngumu za maganda ya redio kwa kawaida huzama.

Zinazozama: gundi inafaa

Ganda la redio au la tochi hushikwa vizuri na supaglu kama nyufa zinakutana sawasawa. Tone moja linatosha. Ukizidisha, haikauki vizuri. Usifute supaglu kwa pamba, kwa sababu vikikutana hutoa joto kali la kuunguza vidole.

Kipande kikikosekana na pengo likabaki, tumia gundi ya kuchanganya, ile ya tyubu mbili. Fuata vipimo vilivyoandikwa kwenye pakiti. Kabla ya kupaka, kwaruza kwa msasa, osha kwa sabuni na uache pakauke.

Bomba la PVC lina gundi yake. Hiyo huyeyusha kidogo ngozi ya bomba na ya kiungo, zikawa kitu kimoja. Paka pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha kidogo, kisha shikilia kwa sekunde kadhaa. Ukiweza, subiri saa 24 kabla ya kufungulia maji.

Zinazoelea: tumia joto au viungo

Dumu, ndoo na beseni hazishikwi na gundi za kawaida, maana ngozi yake ni kama ina mafuta. Dawa yake ni joto. Kata ukanda kutoka dumu bovu la aina ileile, pasha kisu, kisha yeyusha ukanda na kingo za ufa kwa pamoja. Zamani wengi waliyeyusha mifuko ya rambo, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na ukanda wa dumu ni imara kuliko mfuko.

Bomba jeusi la maji nalo halipakwi gundi. Huunganishwa kwa viungo vya kukaza.

Tahadhari

Usipashe moto dumu lililobeba petroli, hata kama linaonekana tupu. Mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka. PVC nayo usiichome, kwani hutoa moshi wenye tindikali unaodhuru mapafu. Kazi zote hizi zifanyike nje, penye hewa.

Vitu viwili tunashauri visiungwe kabisa. Cha kwanza ni helmeti ya bodaboda iliyopasuka, kwa sababu gundi hairudishi nguvu ya kukinga kichwa. Cha pili ni tangi la bomba la kupulizia dawa shambani. Kiraka kikiachia, sumu inamwagika mgongoni kwa anayelibeba. Hivyo nunua vipya. Kwa vingine, anza na kipande kwenye maji.