Ulemavu wa miguu wa wapagazi wa vita

Ulemavu wa miguu wa wapagazi wa vita ni madhara ya kudumu yaliyowapata wanaume waliolibebea mizigo jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918), wakiwemo wa njia ya Voi hadi Taveta, Kenya. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914. Reli ya kutoka Voi ilianza kujengwa 1915, lakini kila ilipokomea, mzigo ulihamia kichwani mwa mpagazi.

Wengi walitembea pekupeku. Funza alipenya chini ya kucha, kidonda kikaoza, kidole kikakatika. Asiye na vidole hukanyaga upande, na kwa miaka goti na nyonga huumia. Madhara haya ya pili ndiyo magumu zaidi kuthibitisha. Marekani leo humpimia askari mstaafu asilimia ya ulemavu hata kwa ugonjwa uliozaliwa na jeraha la kwanza. Lakini mpagazi wa vita vile alihesabiwa mfuasi wa jeshi, si askari, na mishahara ya wengi waliokufa haikulipwa kamwe. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki katika mitaa ya Kariokor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam.