Goti la Nonda na Mguu wa Ndaye: Historia Fupi ya Habari za Majeruhi katika Kandanda

1. Utangulizi

Mahagi ni mji wa mpakani. Barabara itokayo Bunia hupita hapo ikielekea mpaka wa Goli, na ng'ambo ya mpaka ni Uganda. Wenyeji wake wengi ni Waalur, ambao ndugu zao wako pande zote mbili. Kwa hiyo mkazi wa Mahagi hupokea habari kwa lugha nyingi: Dhu Alur nyumbani, Kiswahili sokoni, Kifaransa shuleni na ofisini, Lingala katika nyimbo, na Kiingereza kutoka upande wa pili. Yafaa hali hiyo ikumbukwe mtu anapotaka kueleza jambo linaloonekana dogo, nalo ni namna wapenzi wa kandanda wanavyofuatilia wachezaji walioumia na kupona kwao kabla ya msimu mpya kuanza.

Ligi kubwa za Ulaya huanza Agosti na kumalizika Mei. Katikati ya vipindi hivyo hakuna mechi ya ligi ya kubishania, na Julai inapoingia, wakati wanafunzi wa Kongo wako katika likizo kubwa, mazungumzo ya mashabiki hugeuka. Hawaulizi tena nani kafunga. Huuliza nani amepona, nani bado, na nani amerudi mazoezini lakini anachechemea.

Makala hii inachunguza aina hiyo ya habari. Hoja yake ni kwamba habari ya majeruhi ina historia, na kwamba historia hiyo haihusu tiba peke yake. Inahusu pia swali la nani anahesabiwa kuwa anastahili kufuatiliwa, na kwa muda gani. Mifano miwili inachukuliwa kutoka Kongo: Shabani Nonda na Ndaye Mulamba.

2. Jinsi kusubiri kulivyoanza

Zamani mchezaji aliyeumia hakuwa na mahali pa kwenda. Katika Ligi ya Uingereza ruhusa ya kuingiza mchezaji wa akiba ilitolewa mara ya kwanza katika msimu wa 1965/66, tena kwa ajili ya aliyeumia tu. Kabla ya hapo timu iliendelea na watu kumi, au aliyeumia alisogezwa pembeni ya uwanja akachechemea hadi filimbi ya mwisho. Katika Kombe la Dunia ruhusa hiyo ilianza mwaka 1970 nchini Meksiko, na hata hapo ilikuwa na kikomo. Tarehe 17 Juni 1970, katika nusu fainali kati ya Italia na Ujerumani Magharibi, Franz Beckenbauer aliteguka bega wakati timu yake ilikuwa imekwisha kutumia nafasi zake mbili za kubadilisha wachezaji. Alicheza hadi mwisho wa muda wa nyongeza mkono wake ukiwa umefungwa kifuani. Picha yake husifiwa kama picha ya ushujaa, lakini kwa mwanahistoria ni picha ya sheria iliyokuwa bado changa.

Upande wa tiba nao una tarehe zake. Mwaka 1895, katika mji wa Leeds, daktari Mayo Robson alishona kano zinazopishana ndani ya goti. Mgonjwa wake hakuwa mwanamichezo, alikuwa mchimba migodi. Mwaka 1917 Ernest Hey Groves alionyesha njia ya kuunda upya kano iliyokatika kwa kutumia tishu nyingine za mwili wa mgonjwa mwenyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Mjapani Masaki Watanabe alitengeneza chombo cha kuchungulia ndani ya goti kwa tundu dogo bila kulipasua lote. Hata hivyo ilichukua miaka mingi kabla ya maarifa hayo kuwa matibabu ya kawaida kwa wachezaji. Kwa muda mrefu goti lililokatika lilimaanisha mwisho wa kazi.

Mambo hayo mawili, yaani sheria ya mchezaji wa akiba na upasuaji wa goti, ndiyo yaliyozaa habari ya majeruhi kama ijulikanavyo leo. Pale ambapo goti lilikuwa mwisho, hapakuwa na la kusubiri. Tiba ilipoweza kuahidi miezi sita au tisa, shabiki naye alipata kalenda ya kuhesabu.

3. Maneno ya majeraha

Kalenda hiyo mpya ilihitaji maneno. Neno lililoshika nafasi ya kwanza ni majeruhi, lenye asili ya Kiarabu, kutoka mzizi uleule uliotupatia jeraha na kujeruhi. Silabi ya mwanzo, ma-, si kiambishi cha wingi. Kwa hiyo husemwa majeruhi mmoja amelazwa, na majeruhi wawili wamelazwa. Maana yake ya msingi ni mtu aliyejeruhiwa.

Lakini katika lugha ya habari za michezo neno hilo limehama. Husikika kwamba mchezaji fulani amepata majeruhi ya goti, au kwamba yuko nje kwa sababu ya majeruhi. Hapo majeruhi si mtu tena, ni jeraha lenyewe. Walinzi wa sarufi hulalamika, na kwa upande wa asili ya neno wana haki. Hata hivyo mabadiliko haya yana la kufundisha. Aliyeumia na kilichomwumiza vimekuwa kitu kimoja, na jina la mtu limekaa nyuma ya kiungo chake. Shabiki hasemi tena kwamba fulani anaumwa, husema goti la fulani.

Viungo navyo vimepata sauti. Nyama za paja, nyonga, kifundo cha mguu, kano na gegedu yalikuwa maneno ya wachinjaji na ya waunga mifupa. Leo kijana ambaye hajawahi kufungua kitabu cha tiba huyataja bila kusita. Anajua pia kutofautisha maneno matatu ambayo kamusi huyakaribisha sana. Kupona ni neno la daktari, kwa maana kidonda kimefunga. Kurejea ni neno la kocha, kwa maana mchezaji yumo tena katika mazoezi. Fiti, neno la kukopa, ni la mashabiki wenyewe, nao hawalitoi mpaka wamwone mchezaji akikimbia na kugeuka ghafla bila kuogopa mguu wake. Mtu anaweza kuwa amepona, amerejea, na bado asiwe fiti.

4. Goti la Nonda

Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura mwaka 1977. Katika miaka ya 1990 aliichezea Young Africans ya Dar es Salaam, akaenda Afrika Kusini, kisha Zürich nchini Uswisi, Rennes nchini Ufaransa, na mwaka 2000 akajiunga na Monaco. Timu ya taifa aliyoichagua ni ya Kongo. Hivyo Burundi, Tanzania na Kongo zote zilikuwa na sababu ya kumwita mtoto wao, na lugha iliyoziunganisha katika kumzungumzia ilikuwa Kiswahili. Msimu wa 2002/03 aliongoza kwa mabao katika ligi ya Ufaransa, akiwa na mabao 26.

Mwezi Agosti 2003, msimu mpya ukiwa ndiyo kwanza umeanza, aliumia vibaya goti katika mchezo dhidi ya Paris Saint-Germain. Matumaini ya mwaka mzima yalivunjika katika dakika moja. Kabla ya mwezi kwisha Monaco ilimwazima Fernando Morientes kutoka Real Madrid, naye akaishia kuwa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya msimu huo, huku Monaco ikiwatoa Real Madrid wenyewe katika robo fainali. Katika mpira pengo la mtu mmoja ni mlango wa mwingine, na mwenye goti bovu hulazimika kuutazama mlango huo ukifunguliwa.

Kwa wasikilizaji wa Ituri, Agosti hiyo haikuwa ya kawaida. Tarehe 30 Mei 2003 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha azimio namba 1484 la kupeleka jeshi la kimataifa Bunia, na operesheni iliyoitwa Artemis ilidumu hadi Septemba. Watu wengi walikuwa wameuawa, na wengine wengi walikuwa wamevuka kwenda Uganda. Redio zilizosikika kwa Kiswahili katika eneo hilo, kama BBC, iliyoanza matangazo yake ya Kiswahili mwaka 1957, Deutsche Welle, iliyoanza mwaka 1963, na Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002, zilibeba habari za vita na za michezo katika chombo kimoja. Mtu angeweza kushangaa kwamba katika wakati kama huo kulikuwa na nafasi ya goti la mchezaji wa Ulaya. Lakini ikumbukwe kwamba jeraha la Nonda lilikuwa na tabia ambayo majeraha ya Bunia hayakuwa nayo: lilikuwa na daktari, lilikuwa na muda uliotajwa, na lilitarajiwa kupona. Kufuatilia jeraha la namna hiyo si lazima kuwe kusahau mengine. Huenda kulikuwa mahali pa kuweka matumaini yasiyokuwa na pa kukaa kwingine.

Mwanzoni mwa 2004 Kongo ilikwenda katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia, Nonda akiwa bado hajapona. Ilifungwa na Guinea, ikafungwa na Tunisia, ikafungwa na Rwanda, ikarudi nyumbani bila pointi. Ndipo tarehe 20 Aprili 2004, katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Monaco ilipokuwa inaongoza Chelsea mabao mawili kwa moja, Nonda aliingia kutoka benchi akafunga la tatu. Mwezi Mei aliingia tena katika fainali, ambayo Monaco ilipoteza mbele ya Porto. Mwaka 2005 aliondoka kwenda Roma, na baadaye akawa bingwa wa Uturuki akiwa na Galatasaray katika msimu wa 2007/08. Goti lilikuwa limepona, na kila hatua ya kupona kwake ilikuwa na tarehe.

5. Mguu wa Ndaye

Ndaye Mulamba naye alikuwa mshambuliaji, na kwa takwimu alimpita kila mtu. Akiwa na AS Vita Club alitwaa Kombe la Klabu Bingwa la Afrika mwaka 1973. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 1974 nchini Misri alifunga mabao tisa, manne kati ya hayo katika michezo miwili ya fainali dhidi ya Zambia: ule wa sare ya mbili kwa mbili, na ule wa marudiano ambao Zaire ilishinda mbili bila. Hakuna aliyewahi kufunga mabao tisa katika mashindano mamoja ya kombe hilo. Miezi michache baadaye, katika Kombe la Dunia nchini Ujerumani Magharibi, alitolewa uwanjani katika mchezo wa Yugoslavia kwa kosa la kumpiga refa teke. Baadaye ikajulikana kwamba mwenye teke alikuwa mwenzake, Ilunga Mwepu.

Mwaka 1994 Shirikisho la Kandanda la Afrika lilimwalika Tunisia kumpa heshima. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia wakidhani amekuja na fedha, wakampiga risasi mguuni. Alichukua miezi mingi kupona. Mguu uliofunga mabao tisa ulikuwa umejeruhiwa, lakini hapakuwa na msimu uliokuwa unamsubiri, wala klabu yenye sababu ya kutangaza hali yake. Mwaka 1996 alikimbilia Afrika Kusini, akaishi huko kama mkimbizi, na kwa wakati fulani alilinda magari yaliyoegeshwa mjini Cape Town.

Mwaka 1998, katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumwombolezea. Uvumi ulikuwa umefika kwamba Ndaye amefia katika machimbo ya almasi ya Angola. Alikuwa hai. Aliishi miaka mingine zaidi ya ishirini, akafariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019.

Kosa hilo halikutokana na upungufu wa vyombo vya habari peke yake. Mwaka 1998 redio na simu zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza. Habari ya majeruhi hufuata mkataba wa mchezaji, na mkataba ukiisha habari nayo hukoma, hata kama jeraha limebaki. Pengo linalobaki hujazwa na uvumi.

6. Hitimisho

Mifano hii miwili inaonyesha kwamba kufuatilia majeruhi si kazi ya mapenzi matupu. Goti la Nonda lilifuatiliwa kwa sababu kulikuwa na mechi iliyokuwa inalingoja. Mguu wa Ndaye haukufuatiliwa kwa sababu mechi zake zilikuwa zimekwisha, ingawa deni la watu kwake lilikuwa kubwa zaidi. Shabiki hajui daima anachokipenda, kama ni mtu au ni bao lijalo.

Jambo hili linagusa pia viwanja vya karibu. Kijana anayevunjika mguu katika uwanja wa mtaa hana daktari wa timu wala taarifa rasmi. Hupelekwa kwa muunga mifupa au zahanati kwa gharama ya wazazi, na wiki mbili baadaye nafasi yake imeshikwa na mwingine. Maneno ya kueleza alichopata yapo, tena mashabiki wanayajua vizuri, ila huyatumia kwa ajili ya wachezaji wa mbali.

Kwa hiyo mwanafunzi atakayetaka kuandika historia ya kandanda ya Ituri asiishie katika matokeo na makombe. Achukue orodha za timu za miaka iliyopita, na kwa kila jina lililotoweka aulize: aliumia lini, alitibiwa na nani, na nani alikwenda kumjulia hali?