Gari la zamani linachemsha: mambo ya kuangalia kabla ya kununua rejeta nyingine

Kila msimu wa mavuno swali hili hurudi kwetu. Land Rover la zamani limepakia mahindi, limefika katikati ya mlima, mshale wa joto umepanda na mvuke unatoka mbele. Dereva anaongeza maji, anakwenda kilomita mbili, linachemsha tena. Akifika mjini anaambiwa anunue rejeta. Ananunua, na wiki inayofuata gari linachemsha vilevile. Pesa ya mbolea imekwisha na gari bado limelala.

Makala hii ni kwa ajili yako wewe mwenye Land Rover, pikapu au trekta la miaka mingi. Tunaeleza jinsi ya kujua kama rejeta ndiyo mbovu, na kama ni mbovu, uchague ipi.

Rejeta inafanya nini?

Injini ikichoma mafuta, sehemu kubwa ya joto haiendi kwenye magurudumu. Nyingine hutoka na moshi, nyingine huchukuliwa na maji. Pampu huyasukuma maji hayo ya moto hadi kwenye rejeta, yanapita ndani ya mirija myembamba, na upepo unaopita kwenye vibati vilivyo kati ya mirija huyapoza.

Kwa hiyo yanahitajika mambo matatu: maji yazunguke, mirija iwe wazi, na upepo upite. Rejeta mpya haiwezi kutibu pampu iliyokufa wala feni isiyovuta.

Pima kwanza, nunua baadaye

Anza na visivyo na gharama. Injini ikiwa imepoa, safisha vibati kwa maji ukitokea upande wa injini kwenda nje. Nyasi, tope na panzi huziba upepo kabisa. Usitumie maji ya kasi kubwa, vibati vitalala.

Kagua fenibelti. Ikilegea, pampu na feni hupunguza mwendo. Kagua mipira ya maji: mpira wa chini uliochoka hujikunja ndani injini ikivuta kwa nguvu, maji yasipite.

Toa themostati, uitumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni. Nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi joto 80 na 90, yaani kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, hiyo ndiyo mbovu. Usikubali itolewe na kutupwa moja kwa moja. Bila themostati injini hufanya kazi ikiwa baridi na kula mafuta zaidi, na kwenye baadhi ya injini maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta.

Kisha angalia gasketi ya silinda hedi. Mapovu yasiyokoma kwenye mdomo wa rejeta, maji kupungua bila kuvuja popote, au oili kuwa na rangi ya chai ya maziwa, ni dalili kwamba tatizo liko ndani ya injini. Hapo rejeta mpya ni hasara tupu.

Kama yote hayo ni mazima, washa gari hadi lipate joto, lizime, kisha pitisha kiganja karibu na vibati bila kugusa feni. Sehemu iliyobaki baridi wakati nyingine ina joto ni mirija iliyoziba. Sasa una haki ya kufikiria rejeta.

Njia tatu

Ya kwanza ni kutengeneza ya zamani. Land Rover za Series III, zilizotengenezwa Uingereza kati ya 1971 na 1985, zilikuja na rejeta za shaba. Fundi wa rejeta anaweza kufungua tangi la juu, akazibua mirija kwa kipande cha chuma chembamba, akachomelea palipotoboka kwa risasi. Mirija ikiwa imeoza, hubadilisha sehemu ya katikati na kuyarudisha matangi yako ya mwanzo. Faida yake ni kwamba inakaa palepale ilipokuwa.

Ya pili ni ya mtumba. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aizibe mdomo mmoja, aijaze upepo na kuizamisha ndani ya maji. Mapovu yakitoka, inavuja. Mimina maji tangi la juu: yatoke chini kwa wingi, yasichuruzike.

Ya tatu ni mpya ya aluminiamu. Ni nyepesi na hupoza vizuri. Lakini nyingi zina matangi ya plastiki, na plastiki ikipasuka fundi wa kijijini hana la kufanya. Kama unaishi mbali na mji, uliza swali moja kabla ya kulipa: hii ikitoboka, nani ataiziba karibu nami?

Vipimo vya kwenda navyo dukani

Pima urefu, upana na unene. Pima kipenyo cha midomo ya maji na uandike iko upande gani. Pima nafasi kati ya rejeta na feni. Ukipata nafasi ya kupiga picha kwa simu, piga, pamoja na masikio ya kufungia.

Usidanganywe na unene peke yake. Rejeta yenye mistari mingi ya mirija hubeba maji mengi, lakini upepo ukifika mstari wa mwisho tayari una joto. Feni ikiwa dhaifu, rejeta pana yenye upepo wa kutosha hushinda nene. Kama gari lako lilikuwa na kava la kuzunguka feni, lirudishe. Bila kava, feni huzungusha upepo ule ule.

Usisahau kifuniko

Kifuniko hushikilia presha, na presha huyazuia maji yasichemke mapema. Hili ni muhimu zaidi kwa wasikilizaji wetu wa milimani. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi joto 100, lakini kwenye mwinuko wa mita 2,000, kama Njombe, huchemka karibu na 93. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9, au 13 kwa vipimo vya Kiingereza, huongeza takriban nyuzi 20. Weka namba ile ile ya gari lako. Kubwa zaidi inaweza kupasua rejeta na mipira ya zamani.

Ukishafunga, tumia kulanti inayofaa rejeta ya aina yako, na usichanganye aina mbili. Ukikosa, maji safi ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi, ambayo huacha ukoko ndani ya mirija.

Mwisho, usalama. Usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto. Maji yataruka na kukuunguza uso. Subiri hadi uweze kuushika mpira wa juu kwa mkono bila kuunguzwa. Wala usimwage maji baridi kwenye injini iliyochemka, chuma kinaweza kupasuka. Nusu saa ya kusubiri kivulini ni nafuu kuliko injini.