Sikukuu ya Martin Luther King ilivyozozaniwa miaka 15

SIKU nne baada ya Kasisi Martin Luther King kuuawa kwa risasi mjini Memphis, Aprili 4, 1968, mbunge John Conyers wa Michigan aliwasilisha mswada wa kutaka siku ya kuzaliwa ya mtetezi huyo wa haki za watu weusi iwe sikukuu ya kitaifa nchini Marekani.

Ilichukua miaka 15. Mwaka 1979, mswada ulikosa kura tano tu katika Bunge la Wawakilishi. Wapinzani walilalamikia gharama ya kuwapa watumishi wa serikali mapumziko zaidi, wakaongeza kwamba King hakuwahi kushika wadhifa wowote serikalini. Hoja dhaifu hiyo: mtu mweusi wa majimbo ya Kusini angepataje wadhifa ilhali alinyimwa hata kura? Seneta Jesse Helms naye alimhusisha marehemu na Ukomunisti.

Mjane wake, Coretta, na mwanamuziki Stevie Wonder waliongoza kampeni iliyokusanya sahihi milioni sita. Seneti iliupitisha kwa kura 78 dhidi ya 22, na Rais Ronald Reagan, aliyesitasita mwanzoni, akautia sahihi Novemba 2, 1983. Sikukuu, ambayo huwa Jumatatu ya tatu ya Januari, iliadhimishwa kwanza 1986.

Baadhi ya majimbo yalikaidi. Wapigakura wa Arizona waliikataa 1990, jimbo likapokonywa fainali ya kandanda ya Kimarekani ya 1993, waliikubali 1992. Alabama na Mississippi huiadhimisha pamoja na siku ya Robert E. Lee, jenerali wa jeshi lililopigania kudumishwa kwa utumwa.