Fundi wa kuchomelea: maumivu huja usiku, kinga ni ya asubuhi

Kwetu ni Kisauni, lakini kazi ya kuchomelea vyuma nilijifunzia Kakamega, magharibi mwa Kenya, nilikomfuata mjomba wangu nikiwa kijana. Huko tulitengeneza mageti, madirisha na matela ya kubebea miwa, na huko ndiko kilipo kibanda changu hadi leo. Kila nikirudi Mombasa naona vijana wetu wamechuchumaa kando ya barabara, wanachomelea kwa miwani ya jua. Makala haya nawaandikia wao, na wazazi wanaowapeleka watoto kujifunza kazi hii.

Shika jambo moja kwanza. Madhara mengi ya kuchomelea hayaumi wakati unafanya kazi. Huuma baadaye, ukiwa umeshafika nyumbani, na ndiyo maana fundi hulaumu kitu kingine.

Macho

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa namshikia mjomba chuma huku nikigeuza uso tu. Mchana sikusikia chochote. Usiku wa manane niliamka nikidhani nimemwagiwa mchanga machoni. Machozi yalinitiririka na taa sikuweza kuitazama. Mke wa mjomba alinikatia kiazi kibichi akaniwekea.

Ile ni miale ya urujuanimno, iliyounguza sehemu ya mbele ya jicho kama jua kali linavyounguza ngozi. Mara nyingi maumivu huanza baada ya muda wa saa 6 hadi 12, na kwa kawaida hupungua kwa siku moja au mbili. Kiazi na maziwa haviponyi, na vinaweza kuingiza vijidudu. Kaa gizani, usisugue, nenda kituo cha afya. Kama kipande cha chuma kimeruka kutoka kwenye grainda kikaingia jichoni, nenda siku hiyo hiyo.

Kwa mashine ya umeme tumia kioo cha namba 10 hadi 13, kulingana na nguvu ya moto unaotumia. Miwani ya jua haitoshi hata ikiwa nyeusi vipi. Msaidizi wako naye ahitaji kioo chake. Tundika turubai ili wapita njia na watoto wasitazame mwanga.

Moshi

Kakamega ni eneo la malaria. Kwa muda mrefu, kila nikichomelea mabomba ya maji yaliyopakwa zinki, jioni nilitetemeka kwa baridi, viungo vikauma, mdomo ukawa na ladha ya chuma. Nilinunua dawa za malaria bila kupima, na kesho yake nikapata nafuu, nikaamini dawa imefanya kazi. Siku niliyopimwa sikukutwa na malaria. Muuguzi akaniuliza, "Baba, jana ulikuwa unafanya kazi gani?" Hapo ndipo nilipojua kwamba ni homa ya moshi wa zinki. Huanza saa chache baada ya kuvuta moshi na kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili.

Usije ukageuza funzo hili, ukaona kila homa ni ya moshi. Pima malaria, na umweleze daktari ulichochomelea.

Mafundi wengi hunywa maziwa baada ya kazi "kusafisha kifua". Maziwa huenda tumboni, moshi uko mapafuni. Tena mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Fanya kazi mahali pa wazi, upepo ukitoka ubavuni, na usiinamie moshi. Saga zinki inchi 2 hadi 4 kila upande wa mahali utakapochomelea. Barakoa ya kitambaa haizuii moshi huu. Vaa ya N95 au iliyo bora zaidi, hata unaposaga.

Umeme

Kakamega mvua hunyesha alasiri siku nyingi za mwaka. Pwani twalowa jasho. Ni hatari ile ile, kwa sababu glavu iliyolowa hupitisha umeme. Simama juu ya ubao mkavu, badilisha rodi ukiwa na glavu kavu, na usiunge waya uliochubuka kwa karatasi ya nailoni. Mashine nyingi za jua kali huundwa kienyeji. Yako iwe na waya wa ardhini na swichi iliyo karibu na mkono. Mvua ikianza, zima.

Pipa "tupu"

Mteja alileta pipa lililokuwa na petroli. "Fundi, liko tupu kabisa." Mjomba alikataa. Fundi wa jirani akalichukua. Kifuniko kiliruka kikampiga, na mkono wake wa kulia haukushika rodi tena.

Pipa lililokwisha mafuta lina mvuke, na mvuke uliochanganyika na hewa ndio unaolipuka. Kulisuuza kwa maji na sabuni mara moja hakutoshi. Tangi la pikipiki ni vivyo hivyo. Kama huna njia ya uhakika ya kuondoa mvuke wote, kataa kazi hiyo.

Sheria

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga vinavyofaa. Ukiumia kazini, ile sheria ya fidia ijulikanayo kama WIBA, ya mwaka huo huo, yamtaka mwajiri aripoti ndani ya siku 7 tangu apate habari, na kifo ndani ya saa 24. Madai ya fidia yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Basi mjulishe mwajiri mapema, kwa maandishi, na uweke karatasi za hospitali.

Kabla ya kuwasha mashine

Kila asubuhi nawauliza wanagenzi wangu maswali haya:

1. Kioo chako kina namba gani, na msaidizi anacho?
2. Chuma hiki kimepakwa nini?
3. Upepo unatoka wapi?
4. Glavu, viatu na ardhi ni kavu?
5. Chombo hiki kilibeba nini?
6. Kuna nyasi, karatasi au mafuta karibu, na ndoo ya mchanga iko wapi?
7. Nani atabaki nusu saa baada ya kazi kuangalia cheche zisije zikawasha moto?

Asiyejibu hawashi mashine. Mteja akiharakisha, namwambia asubiri. Wapo waliokasirika wakaenda kwingine, na sijawahi kumfuata hata mmoja.